Aliyechora Mdomo

Iko nchi inayoitwa Shwari. Usijichoshe kuitafuta kwenye ramani. Ramani za huko huchapishwa na serikali, na serikali ya Shwari haipendi kutafutwa. Sisi tuliosikia habari zake tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuiweka mbali na kwetu, na tunazisimulia bila kumlenga mtu yeyote mwenye cheo.

Asubuhi moja redio ya Shwari ilitangaza, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya bei ya mchele, kwamba Mtukufu Mlezi ameamka na hamu ya kucheka. Amekumbuka kwamba zamani nchi ilikuwa na jarida la vichekesho lililoitwa Upupu, na kwamba wachoraji wake walikuwa hodari kupita kiasi. Ameuliza vijana wale wako wapi siku hizi. Wasaidizi wake wote wameinama kufunga kamba za viatu, hata waliovaa makubadhi. Basi kwa huzuni kubwa Mtukufu Mlezi ameagiza iwepo siku ya taifa ya kuwakumbuka kwa mapenzi, na ameunda Wizara ya Kumbukumbu Njema ili mapenzi hayo yasifanywe kiholela.

Mzee Mbaruku alikuwa juu ya ngazi akichora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Hiyo ndiyo kazi iliyombakia tangu Upupu lifungwe. Ng'ombe wake walikuwa na miguu ya meza na macho ya samaki, lakini pua zao zilikuwa pua kweli. Mpita njia akiziona alihisi zinamnusa.

"Mzee," mwenye bucha aliita kutoka ndani, "si nyinyi hao wanaosemwa redioni?"

"Tulikuwa watatu," alisema Mbaruku bila kugeuka. "Mmoja ni huyu aliye ngazini kwako."

"Basi umeula! Utaitwa Ikulu!"

"Mungu aniepushe," alisema Mbaruku, akaendelea kupaka rangi puani.

*

Upupu lilichorwa kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana kwingine, na namna hiyo ilitokana na uchaji wa Mbaruku. Alikuwa mtu wa swala tano, na kiapo cha uongo alikiogopa kuliko jela. Alijua kwamba iko siku atasimamishwa mahakamani, ashikishwe Msahafu, aulizwe: "Wewe ndiwe uliyemchora Mtukufu Mlezi?" Akisema ndiyo, amekwisha. Akisema siyo, amekwisha zaidi, maana huko mbele hakuna rufaa. Akaomba Mungu juu ya jambo hilo, kisha akawaambia wenzake wawili: asiwepo mtu atakayechora uso mzima.

Basi ikawa desturi. Yeye alichora pua tu, akaacha. Karatasi ikafunikwa kwa gazeti kuukuu, ikapelekwa meza ya pili kwa Pazi, ambaye alichora masikio. Kutoka hapo ilikwenda meza ya dirishani kwa Mfaume, na Mfaume alichora mdomo. Macho hayakuwa na mwenyewe kwa sababu Mtukufu Mlezi huvaa miwani myeusi hata akiwa bafuni. Hakuna aliyeona sura nzima mpaka jarida litoke kiwandani, na hapo walilinunua barabarani kama watu wengine, wakacheka kama watu wengine.

Mbaruku alipenda kukumbuka siku zile. Chumba chao kilikuwa juu ya mashine ya kusaga, kwa hiyo mistari iliyonyooka ilichorwa umeme ukikatika. Pazi aliimba nyimbo za harusi kwa sauti ya mbuzi mgonjwa, akidai kwamba masikio ya Waziri wa Fedha hayachoreki bila muziki. Lakini aliyependeza kuliko wote ni Mfaume. Yeye hakuweza kuchora mdomo kabla hajauvaa. Alisimama mbele ya kioo cha dirisha akavuta midomo huku na kule mpaka ikawa ya mheshimiwa fulani, kisha akakaa nayo kutwa ili isimponyoke. Mkewe, Bi Sikudhani, akileta chakula cha mchana, alimkuta mumewe ana mdomo wa Waziri wa Nafaka, ule uliomeza maghala mawili. Hakushtuka. Alitandika mkeka na kusema, "Karibu ugali, Mheshimiwa, ila leo usimalize peke yako." Mfaume alikula vivyo hivyo, akidondosha tonge, na Mbaruku alicheka mpaka akapaliwa.

Siku ya mahakama ilifika, na mambo yakaenda kama Mbaruku alivyoomba. Hakimu aliuliza nani amemchora Mtukufu Mlezi. Mmoja baada ya mwingine walishika Msahafu wakaapa kwamba hawakumchora, na ilikuwa kweli tupu. Hakimu akajifuta jasho. Ndipo mwendesha mashtaka akaomba mkasi. Akaikata katuni vipande vitatu, akaviweka mezani.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "hii ni pua. Pua haina nia, inafuata hewa. Haya ni masikio. Masikio hayana nia, yanapokea tu. Lakini huu ni mdomo. Nia yote ya binadamu hutokea hapa. Upande wa serikali hauna ugomvi na pua wala masikio."

Mfaume akahukumiwa wiki moja ya mafunzo ya kufunga mdomo. Wiki ikapita. Bi Sikudhani alikwenda gerezani na kikapu cha chakula, akaambiwa, "Bado anajifunza." Alirudi mwezi uliofuata: bado anajifunza. Pazi alivuka mpaka usiku huohuo wa hukumu, na kifua kikamwulia ugenini. Mbaruku akaanza kuchora ng'ombe. Na miaka yote hiyo jibu la mlangoni halikubadilika, ila askari wa kulitamka walibadilika.

*

Bi Sikudhani hakuwa mke na hakuwa mjane. Alikwenda kwa Kadhi kuuliza kama anaweza kukaa eda, Kadhi akasema hapana, hakuna shahidi wa kifo. Aliuliza kama anaweza kufanya matanga, majirani wakasema watu hawalii kitu wasichokizika. Mtaani walimwita Mke wa Bado, na walimwita hivyo kwa huruma, jambo ambalo ni baya zaidi.

Wito wa Wizara ulipomfikia Mbaruku, aliupeleka kwa Bi Sikudhani.

"Sitakwenda, shemeji," alisema. "Nikakae na wale, nicheke nao?"

Bi Sikudhani alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Utakwenda."

"Watanipaka mafuta wanionyeshe kwa watu."

"Wakikupaka, ng'aa. Wakikuvisha shanga, vaa. Mimi nataka maneno mawili tu yatoke mdomoni mwa serikali, shemeji: kwamba amekufa, na wapi. Mengine yote wachukue wao."

"Na wasiposema?"

"Basi utakuwa umekula pilau ya bure. Nenda."

Mbaruku akaukunja wito, akautia mfukoni. Mwanamke yule alikuwa hajamwomba kitu tangu siku ya mkasi.

*

Wizara ya Kumbukumbu Njema ilikuwa kwenye jengo jipya lililopakwa rangi ya waridi. Ndani kulikuwa na dirisha la kupimia. Kila raia aliyetaka kukumbuka jambo siku ya sherehe alipaswa kulileta hapo kwanza lipimwe utamu.

"Kumbukumbu yako, mzee?" aliuliza binti wa dirishani. Alikuwa mwenye adabu sana.

"Namkumbuka Mfaume Kilindo. Walimchukua mahakamani mbele ya macho yangu, akiwa na muhogo mfukoni ambao hakuwahi kuumaliza."

"Pole. Muhogo ulikuwa wa kukaanga?"

"Wa kukaanga."

"Ulikuwa mtamu?"

Mbaruku alifikiri. Hakutaka kusema uongo. "Ulikuwa mtamu."

"Alhamdulillahi," alisema binti, na akaandika: *Alipenda muhogo.* "Nyingine?"

"Mkewe amemngoja mpaka nywele zimekuwa nyeupe."

"Walipendana, siyo?"

"Sana."

*Alikuwa na ndoa ya furaha,* aliandika binti. "Unaona, baba, unazo nyingi nzuri, basi tu hujui kuzimenya. Nenda chumba cha pili, wanataka picha."

Chumba cha pili alikuwako Mheshimiwa Waziri mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya kuswalisha Idi. Alieleza kwamba taifa litajenga sanamu ya Mfaume kwenye mzunguko wa barabara kuu, lakini limetokea tatizo dogo la kiufundi: picha zote za marehemu...

"Umesema marehemu?" aliuliza Mbaruku.

"Nimesema mpendwa wetu," alisema Waziri. "Picha zote za mpendwa wetu zilichomwa wakati wa usafi. Mchongaji hana cha kufuata. Wewe mzee uliketi naye. Mchore."

"Mimi najua kuchora pua tu, Mheshimiwa."

"Kwa unyenyekevu huo huo tunakuenzi. Chora."

"Pua tu. Mdomo alijua yeye. Masikio alijua Pazi. Hakuna aliyebaki wa kumaliza."

Waziri aliwatazama wataalamu wake. Wataalamu walinong'ona, kisha mmoja akatamka kwamba katika nchi zilizoendelea sanamu nyingi maarufu zimepungukiwa na viungo na bado watalii hulipa kuziona. Mbaruku akapewa kalamu. Alikusudia kwa moyo safi kuchora pua ya rafiki yake. Lakini mkono ulikuwa umechora pua moja maisha yake yote, na mkono ukienda unakwenda kulikozoea. Ilipomalizika, wote chumbani waliitambua. Ilikuwa ile pua ndefu iliyofika mikutanoni kabla ya mwenyewe, ile iliyofanya jarida lifungwe.

Wataalamu wakatazama dari. Kuitambua pua ile kulimaanisha kwamba uliwahi kusoma Upupu, na kwamba uliona inafanana.

"Safi kabisa," alisema Waziri, na tone la jasho likamshuka. "Pua ya mpendwa wetu. Ijengwe kwa saruji."

"Mheshimiwa," alisema Mbaruku, "nimekuja kuuliza jambo moja. Mfaume yuko wapi?"

"Mioyoni mwetu," alisema Waziri, akampa mkono wa kwaheri.

*

Siku ya sherehe pua ilifunuliwa asubuhi, ndefu kama lori. Mtukufu Mlezi aliipigia saluti, akairudia kuitazama mara mbili, akaondoka kimya kwenda kupumzika. Wananchi walishika matumbo na kukohoa. Kisha wageni waalikwa wakaingia ukumbini kwa ajili ya kumbukumbu. Bi Sikudhani alikaa upande wa wanawake, amejifunga kanga ya sherehe aliyogawiwa mlangoni. Kadhi alikaa mstari wa mbele na viongozi wa dini. Mbaruku alipandishwa jukwaani, akabandikwa ua la karatasi kifuani.

Sasa ilitangazwa kwamba atakayetoa kumbukumbu tamu kuliko zote atavishwa nishani ya daraja la kwanza. Hapo ndipo ilipojulikana jinsi serikali nzima ya Shwari ilivyowapenda wachoraji wale. Mkuu wa mkoa alikumbuka kwamba alificha nakala za Upupu chini ya godoro, naye ndiye aliyeongoza kuzichoma. Mwendesha mashtaka wa zamani, ambaye sasa alikuwa balozi, alisema kwa kwikwi kwamba ule mkasi bado anao na hautumii kwa kitu kingine. Waziri wa Nafaka alijisifu kuwa mdomo wake ndio uliochorwa mara nyingi kuliko midomo ya mawaziri wote, akawaonyesha. Kila mmoja alimzidi aliyetangulia kwa machozi, na kila aliyeshuka alimtazama kwa wivu anayepanda.

Mwishowe akapanda mzee mmoja mkakamavu, suruali imepigwa pasi ikasimama. Alijitambulisha kuwa Sajini Ngwale, mstaafu wa Magereza.

"Jamani, hawa wote wamemsoma tu," alianza, akipunga mkono kwa dharau. "Mimi nimekaa naye! Kuanzia siku aliyoingia mpaka ya mwisho. Nani ananizidi?"

Ukumbi ukasema, "Aaaa!"

"Alikuwa mcheshi, ndugu zangu, acheni! Wakubwa walikuja kila siku kumwuliza: nani kachora pua? Yeye anasema, 'Pua ilikuja yenyewe, afande, ilisikia harufu ya mchuzi.' Nilicheka mpaka nikashika ukuta! Wanamwuliza, masikio je? 'Masikio yaliwasikia mnakuja, yakakimbia.' Kila siku hivyo hivyo, hana jibu lingine. Hata meno yalipokwisha bado alisema vile vile, ila sasa kwa upepo tu, mpaka usogeze sikio."

Ukumbi ulicheka sana. Waziri alijipangusa macho kwa leso.

"Akaokota kaa jikoni kwetu, akatuchora midomo ukutani, askari wote wa zamu. Wangu upo mpaka leo. Nimewakataza wasipake chokaa. Mke wangu nilimpeleka akauone, akasema, kweli ni wewe, unavyofokea watoto."

Mbaruku alisimama bila kuruhusiwa. "Na siku ya mwisho, Sajini?"

Waziri aliinua mkono kumzuia, lakini Sajini alikuwa ameshaona nishani.

"Siku ya mwisho nilimbeba mwenyewe, mzee wangu! Sikumwachia mtu. Alikuwa mwepesi huyo, huwezi kuamini. Nikamchimbia kule shambani nyuma ya jiko, kwenye migomba, ardhi laini. Kwa mapenzi tu. Hata zamu ya kuchimba haikuwa yangu!"

Watu walipiga makofi wamesimama. Tarumbeta zikalia. Binti wa dirishani alisoma kipimo: utamu kamili. Sajini Ngwale akavishwa nishani na Waziri, wakakumbatiana.

Mbaruku alirudi kukaa. Miaka yote alimshukuru Mungu kwa ile mbinu iliyomwepusha na uongo. Hakujua kwamba uongo wake ulisemwa na mtu mwingine, kila siku, kwa niaba yake, na kila siku ukagharimu jino. Yeye alitoka mahakamani na ulimi safi. Ulimi safi! Alijaribu kuomba toba palepale jukwaani, lakini hakujua dhambi yenyewe aiite jina gani.

Upande wa wanawake, Bi Sikudhani alikuwa amesimama. Hakulia. Alipita katikati ya viti mpaka mstari wa mbele.

"Sheikh," alimwambia Kadhi, "umesikia?"

Kadhi alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Nikiulizwa kesho nitasema tarumbeta zilikuwa na kelele," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nimesikia, binti yangu. Kaa eda."

*

Kesho yake Waziri alitoa taarifa kwamba kumbukumbu njema si habari wala ushahidi, na kwamba mpendwa wetu bado anajifunza. Mbaruku na Bi Sikudhani hawakuwa na redio wakati huo; walikuwa getini gerezani. Sajini Ngwale aliwangoja hapo kwa furaha kama walivyopatana jana, nishani kifuani, akawapitisha kama wageni wake.

"Tumeletewa ndugu zake Mfaume!" aliwaambia askari. "Yule mcheshi!"

Aliwapitisha jikoni, kisha nyuma ya jiko. Bi Sikudhani alikuwa amevaa nguo nyeupe ya eda, ameshika ubani ndani ya kitambaa. Mbele yao lilifunguka shamba la migomba. Lilikuwa kubwa, na migomba yake ilikuwa minene na ya kijani iliyokolea, imepandwa kwa mistari, shina na nafasi, shina na nafasi, mpaka macho yalipofikia uzio.

"Ni upi?" aliuliza Bi Sikudhani.

Sajini alikuna kichwa. Alitembea hatua chache, akarudi, akaenda mstari mwingine. Kwa mara ya kwanza furaha ilimpungua.

"Pale... au pale. Unajua, mama, ulikuwa mchana wa jua kali. Na walikuwa wengi. Kila mmoja tulimpandia mgomba juu yake, ndiyo amri. Lakini yeye ndiye peke yake aliyekuwa anachekesha, ndiyo maana namkumbuka."

Mbaruku alianza kuhesabu mashina, akafika mwisho wa mstari wa kwanza, akaacha.

Sajini alitaka kuwafurahisha. Akachomoa kisu, akakata mkungu ulioiva, akauleta mikononi. "Chukueni, shemeji zangu. Ndizi za hapa ni tamu, soko zima linazijua."

Hakuna aliyeupokea. Aliuweka chini taratibu, akasogea pembeni.

Bi Sikudhani alikwenda kwenye mgomba wa kwanza, akapiga magoti. Akaweka ubani, akainua mikono. "Ya Rabi, mrehemu Mfaume mwana wa Kilindo," alisema. "Na kama siye huyu, basi mrehemu huyu."

Akainuka, akaenda mgomba wa pili. "Ya Rabi, mrehemu Mfaume mwana wa Kilindo. Na kama siye huyu, basi mrehemu huyu."

Mbaruku akashika mstari wa pili, naye akapiga magoti. Waliendelea hivyo, kila mmoja na mstari wake, bila kuruka hata shina moja. Kengele ya kufunga mageti ilipolia jioni, na askari wakaja kuwatoa, walikuwa hawajafika nusu ya shamba.

"Tutarudi kesho," Bi Sikudhani aliwaambia.